Kazi Ng'ambo ya Daraja

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Msimbu tu wazima, mama yako anavuna mihogo. Ila tangu uniulize kama uache kazi yako bandarini Malmö, huko Sweden, uvuke daraja ukafanye kazi Denmark kwa watu usioielewa vizuri lugha yao, moyo wangu hautulii.

Ujanani niliwapikia mafundi wawili Kibaha, Mswidi na Mdenishi. Siku moja bomba la maji walilokuwa wakilitengeneza lilipasuka, wakabishana, kila mmoja kwa lugha yake, ndugu na ya mwenzake. Nilidhani watapigana.

"Unamwelewa kweli?" nikamuuliza Mswidi.

"Nusu," akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nusu nyingine namuuliza."

Jioni bomba likawa limetengenezwa, maji yakatoka.

Nenda, mama. Hofu niachie mimi. Lakini siku ya kwanza, ukishafika kazini, nipigie kabla hujavua koti.

Bibi yako