Karatasi ya Kiingereza

Muyinga, 2 Aprili 1997

Kwako kaka Zuberi,

Assalaam alaykum. Mi niko mzima, watoto wako wazima, na yule mdogo ameota meno mawili. Mama mkwe Kadidja magoti yanamsumbua, mais hata hivyo anatembea. Na nyinyi hapo Gitega, muko namna gani?

Kaka, jana Baguma, yule Mkongomani anayeuza vitenge sokoni, ameniletea karatasi kutoka kambi ya Ngara. Alipewa na muuguzi mmoja mzungu. Iko kwa Kiingereza. Nimeona jina la mume wangu Chabani mara mbili. Tangu akimbie mwezi wa nane, nilikuwa nimepata habari moja tu, kwamba anashona nguo pale kambini. Hapa sina mtu wa kumpa anisomee yote. Siku hizi, kusema mume wako iko Tanzania ni kujitafutia shida. We ulisomea Ujiji kwa shangazi, na Kiingereza ndiyo kazi yako. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Niandikie inasema nini. Mama mkwe anauliza kila asubuhi.

Dada yako,
Salama

*

Gitega, 11 Aprili 1997

Mpendwa dada Salama,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo. Shule inafundisha nusu tu, kwa sababu kwenye madarasa mawili wanalala watu waliokimbia kutoka Gishubi.

Karatasi nimeisoma. Ni fupi. Muuguzi anasema Chabani aliondoka tarehe tatu Machi. Vitu vyake viko kwa muuguzi huyo: kanzu, makasi na picha yenu ya harusi. Hakutaja alikoelekea. Mengine ni salamu.

Usiende mpakani, nakuomba. Kula vizuri, unanyonyesha. Karatasi yenyewe nitaitunza hapa.

Kaka yako,
Zuberi

*

Muyinga, 29 Aprili 1997

Kaka Zuberi,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Watoto wazima. Mi siko mzima sana, mgongo unaniuma, na utasikia juu ya nini.

Umesema ameondoka. Kutoka Ngara mpaka hapa mtu anatembea siku mbili, tatu. Sasa ni siku hamsini na saba. Donc basi nilikwenda Buhinyuza kuuliza wale wanaovuka mpaka. Barierani, kwenye kizuizi cha barabara, mwanajeshi akaniuliza, "Unatafuta nani?" Nikasema, "Natafuta mbuzi yangu." Akanipiga kitako cha bunduki mgongoni, akasema mbuzi za huku zimekwisha, nirudi. Nilizunguka kwa mashamba, nikakaa huko siku tatu. Hakuna mtu amemuona Chabani.

Na kuna kitu sikukuambia. Kabla ya kufunga ile bahasha nilimuonyesha jirani yangu Amisa mustari wa kwanza, mengine nimefunika na kiganja. Anajua maneno machache. Aliona "sorry", akasema hiyo ni pole. Kaka, kama mtu ameondoka tu, pole ya nini? Lile neno la kuondoka linasema aliondoka namna gani? Iko mwanamke?

Nijibu haraka.

Dada yako,
Salama

*

Gitega, 20 Mei 1997

Mpendwa dada,

Natumaini mgongo umepona. Nimechelewa, nilikuwa na homa.

Neno lenyewe ni "left", linatoka kwenye kitenzi "leave". Nalifundisha kila mwaka na kila mwaka linawatesa wanafunzi. Ukitoka nyumbani, ni hilo. Ukisahau mwavuli ndani ya gari, ni hilo. Baba akimwachia mtoto shamba, ni hilo pia, na chakula kilichobaki sufuriani nacho hutajwa kwa neno hilo. Mume akimwacha mkewe, vilevile. Waingereza wana maneno mengine, kama "depart" na "abandon", lakini muuguzi hakuyatumia. Pole yake inaweza kuwa ya lolote kati ya haya.

Huenda alikwenda mbali kutafuta kazi. Huenda ni hilo unalofikiria. Usinibane, dada yangu.

Kaka yako,
Zuberi

*

Muyinga, 2 Julai 1997

Kaka,

Salamu. Ya afya leo tuache.

Basi nimeelewa. Ameniacha. Mtu akienda kutafuta kazi, watu wake hawatumiwi pole. Kanzu zake zilizobaki nimezigawa, mashini yake ya kushona nimemwachia fundi mwingine. Binti yangu Zaituni aliniuliza kama aendelee kumwombea baba yake baada ya swala, nikamwambia hapana, baba yako amekukataa. Analia, mais bora ajue mapema.

Mama mkwe alikataa. Alisema, "Mwanangu hana tabia hiyo." Mi nikamjibu, "Kama anayo, nani alimfundisha kama si wewe?" Mbele ya watoto, kaka. Aliegemea fimbo yake. Alafu akasema, "Nitakwenda kumleta kwa sikio lake, aniambie hayo tukiwa wote watatu." Nikacheka, juu ya yale magoti yake yangemfikisha wapi. Asubuhi hakuwa kitandani. Fimbo haipo, na kitenge chake cha kufunika kichwa hakipo.

Leo ni siku tisa. Ile njia mi mwenyewe niliiogopa.

Nifanye nini?

Salama

*

Gitega, 14 Julai 1997

Salama dada yangu,

Sikuulizi hali.

Chabani hakukuacha. Chabani alikufa. Karatasi inasema hivi, na sasa sipunguzi kitu: "Nasikitika kukuarifu kwamba Chabani alituacha tarehe tatu Machi, baada ya siku sita za kipindupindu. Alikutaja mpaka mwisho. Vitu vya Chabani nimevitunza: kanzu, makasi na picha ya harusi." Alituacha. Wazungu nao huogopa kutaja kifo, kama sisi. Niliielewa mara ya kwanza, nimesimama mlangoni mwa chumba cha walimu.

Nilikukumbuka mwaka baba alipokufa, ulivyokaa siku nne bila kula. Nikafikiria mtoto anayenyonya. Nikasema nikupe muda. Nikajiambia si uongo, kitenzi kinaruhusu. Kila barua yako ilipofika niliapa kuandika ukweli wiki ijayo. Ulipouliza kuhusu mwanamke, niliona ni rahisi kukuacha umkasirikie kuliko kukwambia. Hilo ndilo baya kuliko yote, na nililifanya nikiwa na akili zangu.

Nisamehe. Nakuja mara njia ikifunguka.

Zuberi

*

Muyinga, 6 Septemba 1997

Zuberi,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili Julai. Nilikwenda kwa imamu kumuuliza eda nianze lini. Akahesabu, akarudia kuhesabu. Akasema eda inaanza siku ya kifo, si siku ya habari. Kwa miezi ya mwandamo, yangu ilikwisha tarehe tisa Julai. Miezi minne na siku kumi imepita bila mi kujua, nikimlaani maiti, na watoto wake wananisikia. Kesho yake nilikwenda sokoni kama mtu yeyote.

Mama mkwe yuko hai. Baguma alimkuta Ngara. Alifika miguu imevimba, akalitaja jina la mwanawe mpaka wakampeleka kwa yule muuguzi. Mzungu hajui Kiswahili, na Kadidja hajui Kiingereza. Muuguzi alimshika mkono akampeleka makaburini, akamuonyesha. Akaelewa palepale.

Nilimtuma Baguma kumwomba arudi. Amekataa. Amesema, "Nyumba ile wamemtukana mwanangu akiwa chini ya ardhi. Nitakaa naye huku." Zaituni anaulizia bibi yake. Kwamba harudi, hilo nalo namwambia mimi, si we.

Usije kunipa pole. Mais kuna kazi moja, juu ya kuwa hakuna mwingine wa kuifanya. Mwandikie yule muuguzi. Muulize Chabani alisema nini zile siku sita, nani alimwosha, nani alimswalia. Jibu likifika usilitume kwa mtu. Ulete mwenyewe. Utanisomea hapa ndani, neno kwa neno, na mi nitakuwa nimekaa mbele yako, nakuangalia uso.

Salama,
mjane wa Chabani