Nyekundu Kwako, Nyeupe Kwangu

Fundi,

Shikamoo. Nimekusalimia kwa mazoea tu. Miaka tisa iliyopita nilipoingia karakana yako pale Buseresere neno la kwanza lilikuwa hilo, na mdomo wangu bado haujajua kwamba nimekukasirikia.

Mlango wa nyumba yangu umeanguka. Si ubao wa mlango, ni fremu yenyewe, ile uliyonitengenezea nilipooa. Juzi asubuhi mama yangu aliuvuta ili atoke nje, fremu ikang'oka ukutani ikamwangukia pamoja na mlango wake. Bega limeteguka. Kanga anafungwa na mke wangu, na kila akifungwa ananiuliza, "Mabula, si ulisema ni mwerezi?"

Nilisema, ndiyo. Niliwaambia wote waliokuja harusini, mmoja mmoja, nikiwagusisha mkono kwenye fremu kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari.

Na nani alinifundisha kujivunia mwerezi kama si wewe? Mimi nilikulia kwenye mninga na mkongo, mti huo wa milima ya kaskazini sikuwa nimeuona. Ulinijazia kiganja maranda yake ukaniambia, "Nusa. Harufu hii wewe unaipenda, mdudu anaikimbia." Ukanionyesha jinsi ulivyo mwepesi begani, jinsi randa inavyoteleza juu yake. Ukikauka vizuri haupindi. Ila unapasuka upesi, kwa hiyo toboa kwanza ndipo upige msumari. Kwa sanduku la nguo hakuna mti unaoushinda. Kwa fremu, ukuta utachoka kabla yake.

Halafu ukanipa ile amri. "Mwerezi ni kiini. Nyekundu inakaa, nyeupe inaliwa." Unakumbuka dirisha la yule mwalimu? Nilibakiza nyeupe, ile ya karibu na gome, upana wa kidole, pembeni, mahali ambapo nilidhani hakuna atakayeangalia. Ulichukua nyundo ukalivunja mbele ya mwalimu mwenyewe, mbele ya mama wa maandazi, mbele ya waendesha bodaboda wote wa kituoni. Ukasema, "Ukimwekea mtu nyeupe, umemkaribisha mchwa kwa niaba yake." Nililia nyuma ya karakana. Lakini sikukuchukia, Fundi. Nilijisemea, huyu ndiye mtu mkweli niliyemtafuta.

Ndiyo maana gogo langu nililileta kwako. Nilikuwa nimetoka Mwakitolyo, miezi kadhaa nikipanga matimba ya kuzuia udongo ndani ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji, huku udongo ukinidondokea shingoni, na jasho lote lile likawa gogo moja la mwerezi. Dereva wa lori alinionyesha kovu jeusi mahali ambapo mti ulimeza msumari zamani, akasema hiyo ni alama yangu, nisibadilishiwe. Tukacheka. Nilitaka kuchonga fremu mwenyewe, ukanikataza. "Bwana harusi hajichongei mlango," ulisema. "Ni mkosi. Niachie mimi." Ulipoileta fremu inang'aa nyekundu nilikushika mikono yote miwili nikakushukuru, wabeja, wabeja sana, hadi watu wakanicheka.

Juzi nilipomwinua mama niliangalia kilichomwangukia. Nyekundu ilikuwa ngozi tu, upande wa kutazamwa. Upande wa ukutani ilikuwa nyeupe. Nasema ilikuwa, maana mchwa wameimaliza, wameacha udongo mahali pake. Uliigeuza kwa makusudi. Fundi mwenye jicho lako hakosei upande.

Nilikaa chini palepale. Maana nilikumbuka siku ya msiba wako.

Miezi mitano iliyopita Mama Kulwa, mkeo, alinikabidhi ufunguo wa stoo. Nikakuta mbao za mwerezi zimefunikwa kwa turubai, zimepigwa randa, zimekatwa kwa urefu wako kamili. Kiini kitupu. Uliwahi kusema fundi hajitengenezei jeneza, basi nikajua kazi ile umeniachia mimi, nikaona ni heshima. Niliikagua kila mbao huku machozi yanadondokea juu yake. Kwenye mbao moja niliona kovu jeusi la msumari. Nililiona, Fundi! Nikajiambia miti yote ina makovu. Nani angekushuku wewe, tena siku ile?

Basi nimeizika fremu yangu kwa mkono wangu, na nikaipiga msasa kwanza.

Nilikwenda kwa Mama Kulwa na kipande kilicholiwa. Alikitazama, hakukigusa. Akasema barabara ilipopanuliwa na kaburi la baba yako likahamishwa, ulikwenda na shuka kumpokea, na hukupata hata ubao, hukupata hata jino. Tangu hapo uliogopa ardhi. "Alisema Mabula bado kijana," akaniambia, "atapata gogo lingine."

Sawa, uliogopa. Ungeniambia! Ungesema, Mabula, naogopa mchwa, nipe gogo lako. Ningekupa lote, na gome lake. Ningeoa kwa mlango wa bati. Kinachoniuma si gogo. Kinachoniuma ni kwamba lile dirisha ulilivunja mbele za watu, na hii ukaigeuzia ukutani.

Nyumbani sasa pana fremu ya mninga. Nimejichongea mwenyewe, mkosi na uje, utanikuta mlangoni. Wateja wa karakana yako, ninayoiendesha sasa, wanauliza habari zako bado, nao wananiita Mabula wa Fundi, na siku hizi siitikii hadi waniite mara ya pili. Mama anakusamehe, anasema maiti hatetwi. Mimi sijafika huko. Jumapili nilipita karibu na kaburi lako sikusimama, na nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi, maana nilikuwa nimekukumbuka.

Lakini ahadi nakupa, kwa kuwa wewe ulinilea. Sitaitoa nyeupe mkononi mwangu kwa mtu yeyote, awe tajiri au mjane, awepo wa kutazama au asiwepo. Na kile kipande nimekitundika karakana juu ya benchi lako. Watakaojifunza kwangu nitawapa maranda wanuse, kisha nitawaonyesha hicho. Wakiuliza ni kazi ya nani, nitawaambia ni ya fundi bora niliyewahi kumjua.

Kwaheri, Fundi. Lala. Humo ulimo hakuna mahali pa mchwa kuingilia, kila mbao niliikagua mwenyewe.

Mabula