Sauti Nzito ya Anold

Jumatano, 13 Desemba 1995

Leo tena wapenzi wa muziki wamekuja. Hawanunui chochote, wanajaza duka tu. Baba mdogo Kornel ameshawazoea – anawaachia benchi, yeye anaendelea kurekodi kanda za watu. Mimi nyuma ya kaunta naandika majina ya nyimbo kwenye makava. Kazi ya likizo. Inanifaa, haitaki kuongea.

Ugomvi ni kanda mpya ya bendi ya Vilele Rock. Primus, fundi cherehani, mwenyekiti wa wapenzi wa Vilele hapa Majengo (kajichagua), anasema bendi imekwisha. Miaka ishirini ya gitaa nzito, leo wanapiga kama wanawahi basi! Na Anold, mwimbaji – ile sauti ya kutoka tumboni – sasa kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mathew akabisha. Muziki unakua, mbona hata wewe Primus hushoni tena suruali za bugaluu? Wakacheka. Primus akamwambia anyamaze, kanda yenyewe kaazima.

Mama Martha wa maziwa akachungulia mlangoni. Kasema aliucheza muziki wa Vilele kabla hawajahamia Dar, na walikuwa wanapiga mbio mbio, jasho mpaka viatuni. Mathew akadakia kwamba hata redioni nyimbo zao za zamani zinakwenda mbio. Primus ana jibu: redio wanaziharakisha makusudi, wawahi taarifa ya habari.

Nilicheka kimoyomoyo. Lakini hata mimi naipenda ile sauti nzito. Bwenini huwa naiwaza ndipo nipate usingizi. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 15 Desemba

Vilele wanapiga Moshi tarehe 26! Mara ya mwisho nilikuwa darasa la kwanza.

Primus anataka barua iende kwa kiongozi wa bendi. Anold apumzike, aimbe kijana mwingine, la sivyo wapenzi wa Moshi hawaingii ukumbini. Iwe ya Kiswahili na ya Kiingereza, ionekane ya watu wazito. Wote wakanigeukia. Binti wa Form Three, mwandiko kama chapa.

Sikuweza kukataa – hapana, huo ni uongo. Nilifurahi. Walikaa kimya wakinisubiri mimi. Ile sentensi ya sauti kufifia kama chemli iliyoishiwa mafuta ni yangu. Primus hakuisema. Niliongeza mwenyewe kwa sababu ilikuwa nzuri.

Sahihi zinakusanywa mpaka Ijumaa ijayo.

Jumapili, 17 Desemba, Kibosho

Baada ya misa mama kanituma kwa Bibi Odilia, jirani, nimsaidie kuchambua kahawa. Bibi Odilia ndiye mama yake Anold. Nilijua siku zote. Siku ya barua sikutaka kujua.

Mwanawe anakuja Krismasi. Bibi haongei kingine. Mbuzi yuko bandani ananeneshwa kwa majani ya migomba, na vumbi la picha ya bendi ukutani limefutwa. Akanitolea kanda aliyoletewa na Anold mwaka 1979, imetoka studio yenyewe, ina muhuri. Akaiweka kwenye redio kaseti yake.

Mbio! Sauti nyepesi, ileile ya kanda mpya. Nikamwambia labda ni betri, zimezidi nguvu. Bibi akanishangaa.

“Si ndiyo sauti yake? Ndivyo anavyoniita akifika kwenye migomba.”

Nimeiazima. Hakuuliza ya nini.

Jumatatu, 18 Desemba

Baba mdogo alikwenda Kiboriloni, nikajaribu. Kanda ya Bibi kwenye mashine mpya tunayotumia sasa: nyepesi. Kanda hiyohiyo kwenye mashine ya zamani iliyoko stoo: nzito, polepole, ya tumboni kabisa. Nimefungua kifuniko. Mpira wa ndani unaozungusha kanda umelegea.

Kanda zote za zamani za Vilele hapa Majengo zilinakiliwa toka mashine ile: kanda ya asili inapigwa humo, nyingine inarekodi. Bendi haijabadilika. Tumependa mpira uliolegea!

Jumanne, 19 Desemba

Nimemwambia baba mdogo. Kakaa chini. Kasema nikilitangaza hilo Moshi nzima itamrudishia kanda, tena si za Vilele tu, hata kanda za kwaya ya parokia alizinakili kwa mashine ileile. Halafu, taratibu:

“Nyamaza tu, mwanangu. Wewe kunyamaza unajua.”



Ijumaa, 22 Desemba

Sahihi arobaini na moja. Primus amekuja kuchukua barua aipeleke stendi, iende na basi la Dar.

Nilisimama nikaweka kanda ya Bibi. Primus akasema nizime hiyo mpya, inamchefua.

“Ni ya sabini na tisa,” nikasema. “Mashine yetu ilikuwa inavuta polepole. Anold hajawahi kuwa na sauti nzito.”

Mathew akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama bisibisi mkononi mwake. Primus alichukua kava, akaligeuza, akasoma muhuri muda mrefu kweli.

“Sawa,” akasema. “Lakini sisi tuliipenda ile. Basi ajifunze kuimba ile.”

Na wakaitikia! Karibu wote. Nikasema barua haijakamilika, Kiingereza kina makosa, waje kesho. Hakina hata kosa moja. Barua nimeibana ndani ya daftari hili.

Jumamosi, 23 Desemba

Naandikia stoo, nimejifungia. Anold yuko dukani.

Kaja kuchukua kanda ya mama yake. Mfupi, kofia ya pama, kasalimia kila mtu kwa mkono. Primus shikamoo kaka, shikamoo kaka, mpaka aibu. Halafu Mathew, kwa kumchokoza, akauliza mbona mwenyekiti hampi mgeni barua yake. Watu wakatazamana. Primus hakuweza kurudi nyuma mbele ya benchi lake. Akaninyooshea kidole: Zita anayo.

Nikaitoa. Nikampa mkononi. Nikakimbilia huku.

Anaisoma kwa sauti. Ya Kiswahili. Sauti nyepesi, safi, hakuna neno langu linalopotea. Amefika kwenye chemli. Hakuna anayecheka. Primus anamwambia inatosha, kaka. Haachi. Anasoma mpaka tarehe.

Sasa nasikia karatasi inakunjwa. Hana hasira, afadhali angekuwa nayo. Anauliza mwandiko mzuri namna hii ni wa nani.

Hakuna anayenitaja, hata baba mdogo.

Komeo liko upande wangu; wa kulifungua ni mimi.