Damu Ndani ya Chupa ya Chai

Mji wa Kale, Mombasa

Dada yangu Mwanaisha,

Mshikie mama mkono kwa niaba yangu. Jua la huku linachoma, lakini leo nalipenda.

Unayajua maradhi ya bibi na yale madoa ya miguuni. Daktari hakutaka kumpa dawa kali mpaka mjomba aone kwenye maabara yake kile kinachoshukiwa: askari wa kinga ya mwili walioshikamana na adui ndani ya damu, wakawa kitu kinachoganda kwenye baridi. Mara mbili mjomba alitafuta, hakuona kitu. Damu tulikuwa tukimpelekea kwenye barafu, isiharibike kwa joto la Mombasa.

Jumatatu bibi akachoka. "Kwani mimi nguru wa sokoni, mwanitia barafu?"

Tulicheka, kisha nikashtuka. Unajua nilivyo na haya, lakini nilimuuliza mjomba: "Je, kama kinaganda njiani kwa hiyo barafu, kikabaki kwenye bonge la damu?"

Akajipiga paji la uso. "Ewe mwanangu! Na mabonge yote tumeyatupa!"

Basi safari hii kichupa cha damu kilipita soko la Marikiti ndani ya chupa ya chai yenye maji ya vuguvugu. Mjomba akakizungusha kwenye mashine, akatenga maji ya manjano ya damu, akayatia kichupa kingine na kukiweka kwenye friji. Leo kwenye kitako cha kichupa hicho pana mashapo meupe kama tui! Nilikifumbata, yakayeyuka, kwenye baridi yakarudi.

Bibi ameanza dawa, na amekwisha kuagiza nguru wa kupaka, asiyelala barafuni.

Mungu atukutanishe sote tukiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye,
Salma