Osiris na Seti Buchani Kwetu

Jumatatu, 3 Machi

Leo, mbele ya mizani, kulabu, gogo la kukatia na nzi wote waliohudhuria, natangaza rasmi: nimepewa kadi ya maktaba. Ina picha yangu. Nimefumba jicho moja. Hata hivyo ni mimi.

Mkutubi ni mwanamke mrefu, anaongea kama anayebembeleza mtoto alale. Ana meza karibu na mlango, kaweka kibao: VITABU TUNAVYOPENDEKEZA — MISRI YA KALE. Nikamwuliza nianze na kipi. Akasema mgeni aanze na historia yenye picha, halafu visa vya miungu, halafu vita. Maiti zilizokaushwa ziwe mwisho, maana wanaoanza na maiti hawasomi tena kitu kingine. Nikamwambia mimi nauza nyama, maiti nazijua. Hakucheka. Nimempenda.

Historia yenye picha nimeimaliza hapa hapa kaunta. Nzuri. Nzito, unaweza kuulia panya. Kila ukurasa mfalme kamshika mtu nywele, rungu liko juu. Miaka elfu tatu, pozi lile lile!

Bonge na Pilipili wamegombana tena. Bonge ndiye kaka yetu. Pilipili ndiye mdogo wetu. Mimi niko katikati, kwenye mizani. Baba alikuwa na sheria moja hapa buchani: anayekata mkato wa kwanza asubuhi ndiye bosi hadi jioni. Alikuwa anakata yeye tu, kwa hiyo sheria haikumsumbua mtu. Tangu tumzike, hawa wawili wanashindana kuamka. Leo Pilipili kawahi, hata mswaki hajapiga. Bonge kashinda anaosha utumbo, kanuna mdomo umefika kwenye ndoo.

Jumanne, 4 Machi

Visa vya miungu. Hicho ningempendekezea yeyote, isipokuwa ndugu zangu — na ndio niliowasomea! Nilidhani watacheka, joto lishuke.

Seti anamwonea wivu kaka yake Osiris, mfalme. Anatengeneza sanduku zuri, kipimo cha mwili wa kaka mtu. Karamuni anasema, atakayeenea achukue. Osiris analala ndani. Kifuniko, misumari, mtoni. Mwili ukaja kupatikana, Seti akaukata vipande kumi na vinne.

Pilipili akasimamisha shoka. "Kumi na vinne tu? Mtu mzima? Huyo hakuwa fundi."

Nikaendelea: Isis, dada yao, akavikusanya vyote, kasoro kimoja kilicholiwa na samaki.

"Kipi?" akauliza Bonge.

Nikamwambia kipi.

Mama Maini, mteja wetu wa kila siku, akaangua kicheko mpaka akaegemea mizani. Kicheko chake kina kilo nne.

Kufika mchana wateja wanamwita Bonge Osiris, na Pilipili Seti. Bonge kafurahi, si mfalme huyo! Pilipili naye: "Mfalme sawa, kaka. Lakini nani alimlaza nani?" Akatupa shoka kwenye gogo. Likakita karibu na mkono wa Bonge. Karibu mno. Vidole vipo vyote, nilimwomba avinyooshe nione.

Jumatano, 5 Machi

Leo bosi ni Bonge. Pilipili kasusa, hakuja kabisa. Kwa hiyo hakumwona fundi wa friji aliyekuja kutazama chumba cha baridi. Fundi kasema chumba kisichofunguka kwa ndani ni jeneza lenye bili ya umeme. Kaweka kitasa upande wa ndani: ukikisukuma, komeo la nje linanyanyuka lenyewe. Bonge kaingia, nimemfungia, katoka. Kaingia tena. Katoka tena. Mtu mzima, kitambi kile, anacheka kama mtoto kwenye bembea.

Kitabu cha vita nacho kizuri, ila usisome ukiwa unakula. Askari waliwakata maadui waliokufa viganja, wakavirundika mbele ya mfalme, ili mtu asidanganye kaua wangapi. Kuna mfalme mwingine, maiti yake imekauka vizuri tu, fuvu lina matundu. Bonge akaomba aone picha. Akaitazama sana.

"Shoka," akasema. "Hili hapa siyo kisu. Angalia upana wake."

Kaacha alama ya kidole kwenye ukurasa. Damu. Nitamwambia nini mkutubi?

Alhamisi, 6 Machi

Pilipili kawahi. Bonge kabeba beseni la maji ya moto, yale ya kulainishia kwato, akayamwaga. Mguuni kwa Pilipili. "Bahati mbaya," kasema Bonge. Ngozi imetoka pamoja na soksi.

Pilipili kaufunga mguu kitambaa, karudi kwenye gogo. Akaendelea kukata!

Ijumaa, 7 Machi

Mkutubi kaiona ile alama. Damu ya nani? Ya ng'ombe, nikasema. Una uhakika? Nikafikiri muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nimeisugua kwa pamba yenye maji, yeye kasimama juu yangu kama hakimu. Halafu kanipa kingine, anasema hiki ndicho akipendacho kuliko vyote. Mwanamke mpole vile!

Kinaeleza ugomvi wa Seti na Horus, mtoto wa Osiris. Jicho linang'olewa. Wanapigana ndani ya maji. Isis, mama yake Horus, dada yake Seti, anarusha mkuki, unamkita Seti. Seti analia: dada, mimi nawe ni tumbo moja, utaniua? Isis anamwonea huruma, anauchomoa. Horus anapandwa na hasira, anamkata kichwa. Mama yake! Wengine wanasimulia kwamba alipachikwa kichwa cha ng'ombe badala yake.

Kichwa cha ng'ombe tunacho, kaunta, upande wa kushoto. Kimenitazama mchana kutwa.

Hiki sikuwasomea.

Mama Maini kaja kaona mguu wa Pilipili umefungwa kitambaa, kaona Bonge ananoa visu ambavyo tayari vina makali. Kanivuta pembeni. "Wewe ndiye dada mtu. Watenganishe hawa kabla hawajatuuzia nyama isiyoeleweka."

Haya. Nitawatenganisha. Kichwa changu ninakipenda.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kaunta.

Nilipofungua nilimkuta Bonge keshakata. Paja zima liko kwenye gogo. Pilipili akaingia nyuma yangu, anachechemea, akaona. Akachukua mguu wa ng'ombe, mfupa na kwato yake, akampiga nao kaka yake usoni. Meno yalitoka. Moja liko hapa karibu na mizani, sijui nimpe nani. Bonge akamrukia, wakaanguka kwenye utumbo, akamng'ata sikio akalivuta. Nilishika shati la mmoja — sijui la nani, lilibaki mkononi. Kiwiko kikanipata puani. Pilipili akafikia shoka. Akamchana Bonge mkono, kuanzia begani mpaka kiganjani. Damu yote sakafuni ya rangi moja, ya watu na ya ng'ombe.

Bonge akarudi kinyumenyume, akapita kwenye kulabu za visu, mpaka chumba cha baridi. Pilipili akausukuma mlango, akashusha komeo.

"Ingia sandukuni, mfalme!"

Watu wamejaa. Mama Maini anapiga kelele: "Ataganda humo! Mwanamume gani wewe, unamgandisha kaka yako?" Muuza mboga wa jirani anasema fungua, atakufa. Hakuna anayesogea, kwa sababu ya shoka.

Mwanzo Bonge aligonga mlango na kutukana. Sasa kimya.

Kimya hicho ndicho kimemmaliza Pilipili. Kabandika sikio lililobaki zima mlangoni. "Kaka? Kaka, niitikie basi." Hakuna. "Kaka, sisi ni tumbo moja!" Analia, makamasi na damu. Shoka kaliweka chini. Kalisukuma mbali kwa ule mguu ulioungua, watu wote waone.

"Dada," ananiambia, "nifungue?"

Mama Maini: "Anauliza nini! Fungua!"

Nimemwambia ngoja. Hanielewi naandika nini saa hizi. Mkono wake uko kwenye komeo.

Natazama kulabu za visu. Kile chembamba, cha kutenganisha nyama na mfupa, hakipo. Jana kilinolewa mara mbili.

Nikimwambia Pilipili kisu kiko wapi, ataokota shoka. Nisipomwambia, anaingia mikono mitupu.

Mlango ule unafunguka kwa ndani.