Swali Lako Juu ya Tumbo la Mama

Misiera, Nakivale
9 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Ishema,

Nakusalimu katika jina la Yesu, wewe, wifi Mukarukundo na watoto. Natumaini baridi ya Amerika imeanza kupungua na kikohozi cha mtoto wenu mdogo kimekwisha. Sisi huku tunapumua. Mvua imekuja, maharage yameota, na watu wa kanisa wanakusalimia. Sikupiga simu kwa sababu mama analala chumba hiki hiki na husikia kila ninalosema. Kabanda wa kanisani anakwenda Kampala. Amekubali kuituma barua hii.

Uliniomba nimuulize daktari upasuaji gani ni bora kwa saratani ya tumbo, ule wa roboti au ule wa kamera, ukasema kanisa lenu liko tayari kuchanga. Jumanne tulikwenda hospitali ya Mbarara. Nilimwacha mama kwenye benchi, nikaingia peke yangu kwa daktari Sulait, nikamwonyesha yale uliyonitumia kwenye simu. Aliyasoma yote bila kuniharakisha. Akanieleza kwamba njia zote mbili hupita kwenye matundu madogo, bila kulipasua tumbo lote. Kwa kamera, daktari hushika vyuma kwa mikono yake. Kwa roboti, hukaa pembeni akiongoza mikono ya mashine. Alisema roboti huenda ikapunguza kidogo damu inayomwagika, lakini huchukua muda mrefu na ni ghali zaidi, na kwa saratani ya mapema wagonjwa wa njia zote mbili huishi karibu sawasawa. Ingekuwa mapema, alisema, asingemsumbua mtu kutafuta roboti. Angetafuta mpasuaji aliyeizoea kazi hiyo.

Nikamuuliza basi mama tumpeleke wapi. Akageuza kompyuta nione picha mpya. Kuna madoa ya saratani kwenye ini, na mengine kwenye utando wa tumbo. Akasema polepole, "Dada, hii ya sasa hatuwezi kupasua. Roboti hapana, kamera hapana. Tutampa dawa ya maumivu."

Kisha akaniuliza kwa nini hatukurudi ile mara ya kwanza. Nikaichukua simu yangu mezani, nikatoka kwenda kwa mama kwenye benchi.

Kaka, wewe unajua ugonjwa ulionekana Januari hii. Sivyo. Agosti ya mwaka 2022, mama alipopitishwa mpira wenye kamera kooni kule Mbarara, majibu niliyapokea mimi. Yalisema ni saratani, bado changa, haijavuka ngozi ya ndani ya tumbo, arudi ndani ya wiki mbili apangiwe upasuaji. Wiki hiyo hiyo tuliitwa Base Camp, kwenye ofisi za wakimbizi, kwa mahojiano ya kuhamia kwenu Amerika. Unamkumbuka jirani yetu Nyiransengimana, jinsi faili lao lilivyosimamishwa miaka mitatu kwa ajili ya kifua kikuu cha mume wake. Niliogopa. Nilimwambia mama ana vidonda vya tumbo, nikamnunulia dawa za vidonda hapa Misiera, na ile karatasi nikaichoma jikoni. Niliwaza atapasuliwa huko kwenu, fasi yenye kila kitu. Kila mwezi nilijiambia safari ni mwezi ujao. Januari hii Amerika ikasimamisha wakimbizi, safari yetu ikafutwa, na mama akaanza kutapika damu.

Mpaka leo anaamini ni vidonda. Anakunywa nusu kikombe cha uji, basi. Juzi aliniuliza, "Benitha, hii vidonda haiponi juu ya nini?" Nikamwambia dawa inafanya kazi polepole. Akanishika mkono, akasema, "Aksanti, mwanangu. Bila wewe ningekuwa nimeshakufa." Nilitoka nje, sikuweza kurudi ndani mpaka aliponiita.

Sikuombi unisamehe. Liambie kanisa lisichange. Na ukipiga simu Jumapili, ongea naye juu ya watoto, mambo mingi ya watoto, usikate upesi.

Wabusu wanangu wote wa huko. Mama anasema mlale salama. Hajui nakuandikia nini.

Mdogo wako,
Benitha