Siku Nne Nikiwa Hanga

Sixbert na Agape,

Nimeshachukua bodaboda kwenda stendi kupanda basi la Hanga, msihangaike kunisindikiza. Maharage yako jikoni, yameiva, bado kuungwa. Sare za shule za Clinton nimezifua, zianueni kabla ya mvua. Dawa yangu ya presha nimebeba.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya dirisha la jiko nawapa kuku pumba. Agape, nilikusikia ukimwambia dada yako kwenye simu, "Mama mkwe anakwenda mafungo kwa wamonaki, siku nne tutapumua." Hilo ningelimeza. Wewe ni mtoto wa watu, na mdomo wangu naujua. Lakini Sixbert ulikuwa hapo hapo unakunywa chai, ukasema, "Mwambie tunaomba ziwe nane." Mkacheka wote wawili. Wewe, niliyekuzaa mwenyewe.

~~Sixbert, Jumapili mchana njoo unichukue.~~ Usije. Mafungo yakiisha nitashukia Majengo kwa dada yako Tumpe. Nguo zangu zilizobaki atakuja kuzichukua yeye.

Agape, uliniomba nikuombee mimba hii ifike salama, maana mbili zilizomfuata Clinton hazikufika. Jina lako nimeliandika juu kabisa kwenye karatasi ya nia zangu za sala, na sitalifuta. Nitakuombea siku zote nne, asubuhi na jioni.

La Sixbert nimeshika kalamu mara mbili, bado sijaweza kuliandika.

Mama